Madaktari na Kongwa la Utumwa

Msomaji kijana, ukiketi karibu na mzee wa Kimeru na kumwomba akueleze asili ya watu wake, huenda akaanza mbali sana na Mlima Kenya. Atakusimulia habari za Mbwaa, kisiwa ambako wahenga wake walitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntuune, yaani watu wa nguo nyekundu. Atakuambia jinsi Koomenjwe alivyowaongoza kutoroka, na jinsi maji yalivyowapisha njia. Baadhi ya wanahistoria hukitafuta kisiwa hicho katika pwani ya Kenya. Popote kilipokuwa, masimulizi hayo yatufundisha jambo moja: mtu aliyewahi kutumikishwa huwarithisha wajukuu wake kumbukumbu hiyo.

Basi na tujiulize: biashara ya watumwa wa pwani ilikomeshwaje? Waliopigana nayo walikuwa wengi, na wa kwanza wao ni watumwa wenyewe waliotoroka na kuasi. Lakini katika karne ya 19 palikuwa pia na kundi dogo la madaktari, ambao twaweza kuwaita jamaa moja, si kwa damu, bali kwa kazi yao. Mchuuzi alimtazama mtumwa akaona bei. Daktari alimtazama akaona makovu, njaa na homa.

Wa kwanza ni Dakta David Livingstone, na wa pili ni Dakta John Kirk, aliyesomea udaktari Edinburgh. Wote wawili walikuwa Waskoti, nao walisafiri pamoja katika nchi za Mto Zambezi tangu mwaka 1858. Mwezi wa Julai 1861, karibu na Mto Shire, Livingstone na wenzake walikutana na msafara wa mateka waliofungwa kongwa, ule mti wenye panda uliobana shingo ya mtu asiweze kukimbia. Wakawafungua. Miaka kumi baadaye, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Mto Lualaba, akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi watu waliojaa sokoni, wengi wao wanawake. Habari hizo zilipofika Uingereza mwaka 1872, watu walighadhibika, na serikali ikamtuma Sir Bartle Frere aende Unguja.

Wakati huo Kirk alikuwa amekwisha kukaa Unguja tangu mwaka 1866, kwanza akiwa daktari wa ubalozi wa Kiingereza, kisha akiushika ubalozi wenyewe. Huko alikuwako tabibu mwingine, Dakta James Christie. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi mno mjini, na Christie akauchunguza ugonjwa huo kwa makini. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1876 alionyesha jinsi ulivyofuata njia za misafara na za majahazi. Waswahili husema, mficha maradhi kilio humfichua. Njia ile ile iliyoleta pembe na watumwa ilileta na mauti, nayo mauti hayakubagua bwana na mtumwa.

Frere alifika mapema mwaka 1873, lakini Sayyid Barghash alikataa mkataba. Sababu zake hazikuwa ndogo: ushuru wa watumwa uliijaza hazina yake, wenye mashamba walimkazia macho, na tufani ya Aprili 1872 ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja. Frere akaondoka mikono mitupu. Kazi ikabaki kwa Kirk, ambaye alimweleza Sayyid kwamba akikataa tena, manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi, na soko la watumwa likafungwa. Livingstone hakuisikia habari hiyo. Alikuwa amekufa wiki tano kabla.

Je, ugonjwa ulipona? La. Mkataba ulikataza kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Haukumpa uhuru aliyekuwa mtumwa tayari. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1897 ndipo sheria ya Unguja na Pemba ikaacha kuutambua utumwa, na mwaka 1907 katika pwani ya Kenya. Mtoto aliyezaliwa utumwani Mombasa mwaka wa mkataba alikuwa mtu mzima wa miaka 34 kabla sheria haijamwita huru.

Tena, wale waliokuja kwa jina la kukomesha utumwa hawakurudi kwao. Mwaka 1906 majeshi ya Kiingereza yaliishinda Embu kwa bunduki, na mwaka 1908 boma la serikali likajengwa Meru. Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey aliwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na wanaume wakatembea na kipande kilichoning'inia shingoni. Kipande si kongwa, msomaji. Lakini shingo ilikuwa ile ile.

Na madaktari je? Dakta John Arthur, wa misheni ya Uskoti iliyomweka Dakta Irvine kule Chogoria mwaka 1922, alitia sahihi pamoja na maaskofu wawili waraka uliolaumu agizo la Gavana. Lakini waraka huo huo ulikubali kazi ya lazima, mradi iwe na sheria ya kuisimamia. Dakta Norman Leys, aliyekuwa daktari wa serikali katika nchi hii, hakukubali. Mwaka 1913 alikuwa amehamishwa kwa sababu ya kuwatetea Wamaasai katika shauri la ardhi yao, na mwaka 1924 alitoa kitabu kilichoufichua udhalimu wa kazi na ardhi nchini Kenya.

Usiwasifu mno madaktari hawa, wala usiwadharau. Walifungua kongwa lililokuwa mbele yao, na hilo ni jema. Lakini ni wachache kati yao waliolitambua kongwa lilipobadilishwa umbo na kuitwa jina jingine. Wewe nawe, unapojifunza historia, usitosheke kuuliza ni mwaka gani mkataba ulitiwa sahihi. Uliza pia: siku ya pili yake, ni nani aliyekuwa huru?