Una paka watatu ndani, je, swala yako ni sahihi?



Ndugu yangu unayefuga paka, najua wasiwasi wako. Paka kanywa kwenye ndoo ya udhu, manyoya yameganda kwenye mswala. Wapo ambao kwa wasiwasi huo huwatia paka kwenye gunia wakaenda kuwatupa sokoni. Subiri kwanza. Turudi Madina.

Abuu Qatada (r.a.), Swahaba wa Mtume (s.a.w.), aliingia kwa mkaza mwanawe, Kabsha binti Ka'b bin Malik, naye akamtilia maji ya udhu. Mara akaja paka anataka kunywa. Mzee hakumfukuza. Alikiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha akawa anamtazama kwa mshangao, ndipo akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Imamu Malik ameipokea habari hii katika Muwatta, na Abuu Dawud na Tirmidhi pia wameiandika.

Itazame ile sababu: wanatuzungukia. Sheria imeyajali maisha ya watu. Kwa hekima hiyo hiyo, wanazuoni wa Kishafi, madhehebu ya wengi wetu huku pwani, wamesema manyoya ya paka yaliyodondoka ni najisi, lakini machache yanasamehewa, kwa kuwa ni taabu kuyakwepa.

Lakini ruhusa isiwe uvivu! Mate ya paka ni twahara. Mkojo na kinyesi chake ni najisi. Bedui alipokojoa msikitini, Mtume (s.a.w.) aliwazuia watu wasimkemee, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Upole kwa aliyekosea, maji kwa najisi.

Nawe fanya hivyo. Watengee paka beseni la mchanga mbali na jiko na pa kuswalia, zoa kila siku. Akikojolea zulia, kausha kwa kitambaa, kisha mwagia maji. Mswala ukung'ute na uutundike. Ndoo ifunike.

Na wakikushinda wingi, mtafutie kila mmoja mlezi, usiwatupe. Kumbuka yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie.

Allah atujaalie nyumba safi na nyoyo zenye huruma. Wallahu a'lam.