Ndege Wawili Miguuni

Mtu akivaa viatu vya Bata kisha akavipiga kiwi, miguuni ana majina ya ndege wawili. Bata kila mtu anamjua. Kiwi je? Hapo wengi hukwama, na kichekesho ni kwamba jina lililotoka kwa ndege kweli ni hilo la pili.

Agosti 1894, katika mji mdogo wa Zlín, enzi hizo chini ya dola ya Austria na Hungaria, Tomáš Baťa alianzisha biashara ya viatu pamoja na kaka yake Antonín na dada yake Anna. Walikuwa ukoo wa washona viatu tangu mababu. Kwao jina hilo hutamkwa karibu na "batya", kwa sababu ya kialama kinachoning'inia kwenye herufi t. Kampuni ilipovuka mipaka, kialama kikadondoka njiani, likabaki neno ambalo Mswahili hakuhitaji kufundishwa. Kule kwao, bei inayoishia na 9 mpaka leo huitwa bei ya Baťa. Huku, jina liliingia moja kwa moja bandani kwa kuku na bata.

Kiwanda cha Kenya kiko Limuru. Kutoka kwenye maduka yake watoto wa shule walipata Toughees, na watu wazima wakapata Patapata, jina ambalo Wakenya wengi sasa huita ndala yoyote ile. Vijana wa Tanzania nao wakisema wanakula bata, maana yake wanastarehe. Kiatu hakimo kabisa.

Kiwi ilizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1906. William Ramsay alitengeneza dawa ya viatu akaipa jina la ndege wa New Zealand, kwa heshima ya mkewe Annie, mzaliwa wa huko. Ndege mwenyewe haruki, mkia hana, mdomo mrefu kama sindano ya gunia. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza dawa hiyo kwa miguu ya askari.

Lakini Kiswahili kilikuwa na kiwi chake zamani: lile giza la ghafla linalokushika macho ukitazama mwanga mkali. Kwa hiyo kiatu kinapong'arishwa hadi macho yakaingia kiwi, mtu anaweza kuapa kwamba jina la dawa lilitoka hapo. Mwenye kumsahihisha atapata tabu, maana yule ndege amechorwa kwenye kifuniko na bado hatazamwi.

Fundi wa kando ya barabara anazungusha kijichuma cha ubavuni, kifuniko kinaachia. Anaviringisha kitambaa kidoleni, anachovya, anapaka kwa mizunguko midogo, kisha brashi inakwenda na kurudi. Mkebe wenyewe huenda ni wa kampuni nyingine kabisa. Mteja aliyesema "nipige kiwi" haulizi.

Mwanzoni mwa 2023 ilifahamika kwamba Kiwi inaondolewa madukani Uingereza: watu wa huko wanavaa raba, na ngozi ya kung'arishwa imepungua. Nairobi na Dar es Salaam, fundi bado anagonga sanduku kwa mgongo wa brashi, na mteja, bila kuinua macho kwenye simu, anabadilisha mguu.