Kariakoo na Viwanja Vilivyoilea Ligi Yetu

Simama Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, asubuhi ya siku ya mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Jengo la Simba liko mbele yako na bendera zake nyekundu. Pembeni wamachinga wamepanga jezi za rangi mbili kwenye meza moja, nyekundu upande huu, kijani na njano upande ule, maana biashara haina utani. Kwenye benchi la muuza kahawa wazee watano wanabishana kuhusu bao lililofungwa kabla muuza kahawa mwenyewe hajazaliwa. Ukiamua kutembea kuelekea bondeni, hutachoka kabla hujafika makutano ya Mtaa wa Twiga na Jangwani. Hapo ndipo makao ya Yanga yalipo.

Klabu mbili zilizotwaa sehemu kubwa ya mataji ya Tanzania Bara zimezaliwa, zimegombana na kukulia katika mitaa jirani ya mji mmoja. Ndiyo maana anayetaka kuijua historia ya ligi yetu hana budi aanzie Kariakoo. Ila akiishia hapo, atakuwa amesoma nusu ya kitabu.

Jina lenyewe lina historia ya jasho. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikusanya Waafrika wengi kuwa wapagazi wa jeshi, wabebaji wa risasi, vyakula na majeruhi. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao Dar es Salaam ilikuwa katika eneo hili. Ulimi wa Kiswahili ukalitengeneza jina, likawa Kariakoo. Baada ya vita serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo ikawa Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini likaachwa eneo la wazi la Mnazi Mmoja. Uwazi uliokusudiwa kutenga watu, vijana wa Kariakoo waliugeuza kiwanja cha mpira.

Katika mitaa hiyo ya nyumba za vyumba sita na baraza mbele, mwaka 1935 ilianzishwa Yanga, Young Africans kwa jina lake kamili. Mwaka uliofuata, 1936, kundi lililojitenga likaunda timu yake, ikaitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland. Mwaka 1971 Sunderland ikaliacha jina la Kiingereza ikawa Simba. Kwa hiyo tunaposema watani wa jadi tunataja ukoo, kwa sababu hawa ni ndugu waliogombana wakahama nyumba, lakini mtaa hawakuuhama.

Ni vizuri kukumbuka majirani wao walikuwa nani. Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, ulikuwa na ofisi ya African Association, na humo ndimo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kijana aliyekuwa akicheza mpira jioni ndiye huyo huyo aliyekwenda kusikiliza hotuba usiku. Kujiita Young Africans katika nchi iliyotawaliwa na wageni lilikuwa neno zito, na wazee wa mtaa walijua uzito wake.

Mpira ukatoka Mnazi Mmoja ukaenda Ilala, kwenye uwanja ambao sasa unaitwa Karume, na kisha ukavuka hadi Temeke kwenye Uwanja wa Taifa. Huo ndio uwanja ambapo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, lakini mashabiki waliubatiza jina ambalo halitafutika: Shamba la Bibi. Nchi na ligi yake zimelelewa kwenye nyasi zile zile.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Sunderland ikatwaa ubingwa wa kwanza, ikaurudia 1966, na mwaka 1967 Cosmopolitan ya Dar es Salaam ikawapokonya. Kisha zikaja zama za Yanga, ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972. Simba nao wakajibu kwa mataji yao matano kuanzia 1976 hadi 1980. Katika zama hizo mbili kuna matokeo ambayo bado yanagombewa barazani: Yanga 5 Simba 0, Juni 1968, na Simba 6 Yanga 0, Julai 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga matatu peke yake. Kibadeni jina lake linatajwa na watoto ambao babu zao ndio waliokuwa uwanjani.

Lakini ligi haikuenezwa na uwanja peke yake. Ilienezwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Mkulima wa Mbinga, mvuvi wa Ukerewe na mfugaji wa Monduli walikaa kuizunguka redio moja ya mbao, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, wakamsikiliza mtangazaji akiwachorea uwanja ambao wengi wao wasingeuona maisha yao yote. Kwa sauti hiyo wakachagua: huyu Simba, yule Yanga. Kijiji cha mbali kikagawanyika kama mtaa wa Kariakoo. Ndivyo utani wa mitaa michache ulivyogeuka mali ya nchi nzima.

Kuna mwaka utani huo ulisafiri wenyewe. Agosti 1974 Simba na Yanga walikutana kuamua ubingwa mbali kabisa na nyumbani, kwenye Uwanja wa Nyamagana, katikati ya mji wa Mwanza, mji wa vilima vya mawe. Simba walitangulia kufunga kupitia Adam Sabu, na kwa sehemu kubwa ya mchezo kombe lilikuwa mikononi mwao. Zikiwa zimebaki dakika chache, Gibson Sembuli akasawazisha. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na Sunday Manara akafunga bao la pili la Yanga. Manara huyo, waliyemwita Kompyuta, baadaye alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles, akawa miongoni mwa Watanzania waliotangulia kucheza soka Ulaya. Watu wa Mwanza wanaikumbuka Nyamagana kwa fahari, nao wana haki: mechi inayotajwa kuliko nyingi katika historia ya watani ilichezwa kwao.

Na hapa ndipo inapoanza nusu ya pili ya kitabu. Mwaka uliofuata, 1975, ubingwa ulitoka Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, ukaenda Morogoro kwa Mseto. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala kutoka milima ya chai na migomba ya Rungwe, walipanda daraja na kutwaa ubingwa katika msimu wao wa kwanza. Mwaka 1988 Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wakaupeleka Tanga. Katika Ligi ya Muungano, iliyoanza 1982 na kuwakutanisha vinara wa Bara na wa Zanzibar, Majimaji ya Songea ilikuwa bingwa katikati ya miaka ya 1980 na tena 1998. Malindi ya Unguja ilishinda 1989, Pamba ya Mwanza 1990, Prisons ya Mbeya 1999. Kisha Mtibwa Sugar, Wakata Miwa wa Turiani, wakawa mabingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000.

Timu hizi ziliishi kwa kitu gani? Nyingi ziliishi kwa kazi. Pamba ilikuwa ya watu wa zao la pamba. Reli ya Morogoro ilikuwa ya wafanyakazi wa reli, nao waliiita Kiboko ya Vigogo. RTC Kagera ilikuwa ya kampuni ya biashara ya mkoa, Sigara ya kiwanda cha sigara, Ushirika ya Moshi ya wakulima na chama chao, Bandari ya Mtwara ya watu wa gati. Mchezaji alikuwa na ajira, nyumba na mshahara wa mwisho wa mwezi. Asubuhi alikwenda kazini, jioni mazoezini. Mashirika ya umma yalipouzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, mfuko wa timu ulifungwa pamoja nayo. Wengi wanasema timu za mikoani zilikufa kwa kukosa vipaji. Mimi sikubali. Vipaji vilibaki pale pale, kilichoondoka ni mwajiri. Na mchezaji aliyeng'ara akiwa hana mwajiri hana sababu ya kukataa basi la kwenda Kariakoo.

Viwanja vyao vilibaki. Vihesabu kwa majina: Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Majimaji Songea, Mkwakwani Tanga, Sheikh Amri Abeid Arusha, Jamhuri Morogoro na Jamhuri Dodoma, Kambarage Shinyanga, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Nangwanda Sijaona Mtwara, Lake Tanganyika Kigoma. Orodha hiyo ni darasa la historia ya nchi. Umo mji uliopigana vita vya Maji Maji, wamo viongozi wa uhuru, yumo Edward Sokoine aliyefariki akiwa Waziri Mkuu Aprili 1984. Vingi kati yake vilijengwa au kupanuliwa wakati wa chama kimoja, kwa michango ya wananchi na nguvu zao: mtu alitoa shilingi, mwingine alikatwa kwenye mazao yake, mwingine alibeba mawe. Wakati huo chama na nchi vilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza hati itaandikwa jina la nani. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja hivyo vingi vilibaki mikononi mwa chama hicho, CCM, na viko huko hadi leo.

Ingia kwenye kimojawapo siku isiyo ya mechi. Jukwaa kuu lina paa, majukwaa mengine ni ngazi za saruji zilizopasuka, na kwenye mipasuko hiyo magugu yameota. Katikati nyasi zimekufa kwenye mistari ya magoli, mahali kipa anapokanyaga kila siku. Ukuta wa nje umezungukwa na fremu za maduka, maana kodi ya duka inaingia kila mwezi na ya mpira haiingii. Misimu kadhaa bodi ya ligi imelazimika kuvifungia viwanja vya aina hii kwa sababu ya sehemu ya kuchezea, na timu mwenyeji ikahamishia mechi zake mkoa mwingine. Timu ikihama na wateja wake wanahama. Mama aliyekuwa akiuza mihogo na maji getini haulizwi.

Wakati huo huo Dar es Salaam imepanda. Mwaka 2007 ulifunguliwa uwanja mpya wa watu 60,000 kando ya Shamba la Bibi, uliojengwa kwa ushirikiano na China. Rais Benjamin Mkapa, ambaye serikali yake ndiyo iliyouanzisha mradi huo, alipofariki Julai 2020, uwanja ukapewa jina lake. Azam ikapanda Ligi Kuu, ikajenga uwanja wake Chamazi, na msimu wa 2013/14 ikawa bingwa bila kupoteza hata mechi moja. Mwaka 2021 ligi ikaingia mkataba wa televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225. Fedha hizo zimebadili maisha: klabu ndogo zina hakika ya kitu, na wachezaji kutoka nchi nyingi za Afrika wanakuja kwetu kutafuta riziki. Mwaka 2023 Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali hiyo hiyo. Naziandika sentensi hizo mbili kwa furaha isiyo na rangi ya jezi. Sisi tuliokua tukisikia fainali za Afrika karibu zote zikichezwa na watu wa mbali tunajua maana yake.

Lakini hesabu haidanganyi. Hadi kumalizika kwa msimu wa 2024/25, Yanga imekuwa bingwa mara 31 na Simba mara 22. Hayo ni mataji 53 katika mitaa inayofikika kwa miguu. Mti wenye shina nene hivyo na mizizi michache, upepo ukija una hatari. Kariakoo yenyewe inazihitaji Tanga, Songea na Mwanza. Bila mpinzani wa kweli mikoani, bingwa anakwenda Cairo au Casablanca akiwa hajajaribiwa nyumbani.

Dalili njema zipo. Nyamagana imewekewa nyasi bandia. Pamba imerudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa mikononi mwa Jiji la Mwanza. Namungo kutoka Ruangwa na Mashujaa kutoka Kigoma zimeonyesha kuwa wilaya inaweza kujaza uwanja wake. Wenye hati za viwanja vya mikoa, halmashauri na shirikisho waketi meza moja waamue jambo la kwanza na rahisi: sehemu ya kuchezea itunzwe, na sehemu ya mapato ya getini ibaki kwenye uwanja ulioyaingiza. Waliobeba mawe wakati ule wengi bado wako hai, na wajukuu zao wanataka mahali pa kucheza.

Timu ya mwisho kutoka nje ya Dar es Salaam kuwa bingwa wa Tanzania Bara ni Mtibwa Sugar. Ilikuwa mwaka 2000.