Mkinga imetoka wapi?

Leo historia kidogo, ya Tanga. Ukisoma sensa ya 2002 huikuti Wilaya ya Mkinga. Wakati ule Moa, Maramba na Horohoro zote zilikuwa Muheza. Sasa fikiria mtu wa Horohoro, pale mpakani na Kenya, ana shida wilayani: anashuka mpaka Tanga mjini, anaupita mji, halafu ndo aende Muheza! Baadaye Muheza ikamegwa, na sensa ya 2012 ikaihesabu Mkinga peke yake: watu 118,065. Makao makuu Kasera.

Kwa hiyo wanahistoria wenzangu, mkikuta "Muheza" kwenye takwimu za zamani, msiilinganishe hivi hivi na Muheza ya leo. Watu hawakuhama jamani, mpaka ndo ulihama. Haya, tuonane baadaye!