Parafujo moja, kutoka alizeti hadi chakula cha mbwa

Ukitoka Rungwa kwenda Singida mjini, unaingia nchi ya alizeti na mashine za kukamua. Mashudu yakitoka yameloa mafuta, ujue hela ya mkulima inapotea. Fundi mzoefu huanza na maswali mawili: mbegu zimekauka vizuri? Parafujo imelika?

Maswali hayo ni ya zamani. Mwaka 1900, Valerius Anderson wa Cleveland, Marekani, alipata hataza ya mashine ya parafujo inayosukuma mbegu mfululizo kwenye nafasi inayozidi kubana. Mwaka 1957, kampuni ya Purina ikaleta chakula cha mbwa kilichopikwa kwenye mashine iliyo binamu ya hiyo: unga unabanwa, unapata joto, ukitoka tunduni unavimba. Unyevu ukikosewa au parafujo ikilika, hauvimbi vizuri. Ugonjwa ni uleule: shinikizo limepotea.

Sasa jiulize, kijiji kisicho na umeme wala fundi wa parafujo kifanyeje? Mwaka 1985, huko Arusha, Carl Bielenberg alibuni kikamulio cha mkono chenye mpini na pistoni, bila parafujo kabisa.

Ila hata hicho hakikwepi swali la kwanza. Kabla hujalaumu mashine, shika mbegu.