Signalis
Signalis ni mchezo wa video wa kutisha na kunusurika uliotengenezwa na rose-engine, studio huru ya watu wawili, Yuri Stern na Barbara Wittmann, ya mjini Hamburg, Ujerumani. Ulitolewa tarehe 27 Oktoba 2022 kwa kompyuta na kwa mashine za Nintendo Switch, PlayStation 4 na Xbox One.

Mchezaji humwongoza Elster, kiumbe wa kutengenezwa aina ya Replika, ambaye chombo chake cha anga kimeanguka kwenye sayari yenye theluji. Humtafuta mwenzake aliyepotea ndani ya kituo cha uchimbaji madini, ambako wakazi wameharibiwa na maradhi yasiyoeleweka.

Picha zake, zinazotazamwa zaidi kutoka juu, huiga kwa makusudi michezo ya PlayStation ya kwanza, mashine iliyotoka Japani mwaka 1994. Uchezaji wake nao hufuata michezo ya Resident Evil (1996) na Silent Hill (1999). Elster hubeba vitu sita tu kwa wakati mmoja, risasi ni haba, na adui aliyeangushwa huweza kuinuka tena asipochomwa moto. Kwa hiyo kila pambano ni suala la hesabu, na hofu ya mchezo huu hutokana zaidi na uhaba huo kuliko na mshtuko wa ghafla. Baadhi ya mafumbo huteguliwa kwa kutafuta masafa ya redio.

Hadithi hutumia kitabu The King in Yellow cha Robert W. Chambers (1895), na miisho yake hutofautiana kulingana na namna mtu alivyocheza.