Mahakama ya Katiba na Vibali Vyetu

Tunapoadhimisha 9 Desemba 1961 hapa Johannesburg, watoto wetu wanalijua vizuri jina la Mwalimu Nyerere. Tungependa waijue pia historia ya jengo lililo jirani na Hillbrow, Mahakama ya Katiba. Lilifunguliwa mwaka 2004 palipokuwa gereza walimofungwa Gandhi na Mandela, na matofali ya gereza hilo yakatumika kulijenga.

Kabla jengo hilo halijakuwapo, mahakama hiyo ilikwisha kusikiliza kesi ya Dawood. Kwa sheria ya wageni ya mwaka 1991, mke au mume wa mwenyeji aliweza kuomba ukaazi akiwa humu nchini endapo tu kibali chake cha muda kilikuwa hai. Afisa aliweza kukataa kukiongezea muda, na sheria haikumwambia azingatie nini. Familia tatu zikashtaki. Tarehe 7 Juni 2000, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Kate O'Regan, mahakama ilisema kuwatenganisha wanandoa namna hiyo kunavunja utu wao, na kwamba afisa asiachiwe madaraka yasiyo na mwongozo.

Kanuni za mwaka 2014 zikaleta tatizo jipya: aliyeingia kwa viza ya matembezi alitakiwa kurudi kwao akaombe viza nyingine. Tarehe 28 Juni 2019, katika kesi ya Nandutu, mahakama iliamua kwamba mwenzi au mtoto wa raia au mkaazi wa kudumu aweze kuomba akiwa hapa hapa.

Kwa kawaida mahakama haigawi viza. Huuliza kama uamuzi ulifuata sheria na kama una sababu. Sisi wauguzi tunalielewa hilo: wodini, hatua isiyoandikwa sababu kwenye faili haina mtetezi.

Wapo wenzetu waliofungia barua ya kukataliwa kabatini kwa aibu, muda ukapita. Sheria ya uhamiaji inatoa siku 10 za kazi kuiomba wizara iupitie upya uamuzi wake, na mahakama hutaka njia hiyo ipitiwe kwanza. Sheria ya haki za kiutawala ya mwaka 2000 inatoa siku 90 za kudai sababu kwa maandishi. Kwenda mahakamani kusichelewe kupita siku 180.

Watoto, ninyi ndio mnaowasomea wazazi barua hizo. Anzeni na tarehe.

Heri ya Siku ya Uhuru.